Mafuta ya taa, vinasaba na dagaa wa Mwamgongo

Anayebuni kemikali ya kuwaka kwa ajili ya mchezo wa kompyuta unaochezwa na watu wengi hana budi kuipangia bei mapema. Akiweka kimiminika cha bei chee kinachochanganyika na cha bei ghali bila kuonekana, wachezaji watachanganya usiku kucha. Tanzania iliyaona hayo kwenye vituo halisi vya mafuta.

Mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwa ndiyo nishati ya wanyonge. Dizeli ilibeba mzigo mkubwa. Ukivichanganya, jicho halitambui. Uchakachuaji ukawa biashara nono, injini zikaumia. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha vinasaba, kemikali za alama zinazotiwa kwenye mafuta ili mkaguzi ajue yaliyochezewa. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Dawa hiyo ilikuwa kali, lakini ililenga penyewe: faida ya kuchanganya.

Mwamgongo, hata hivyo, hakuna msururu wa malori ya kuuziwa dizeli iliyochakachuliwa. Kijiji hiki kiko kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe, na watu na mizigo huja kwa boti kutoka Kigoma. Riziki yake ni dagaa, na dagaa huvuliwa gizani, wakiitwa juu kwa mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa wa karabai: unapiga pampu, mafuta yanapanda kwenye bomba lenye moto, yanageuka mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Ndiyo maana petroli ndani ya karabai ni hatari kubwa. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapite nyuzijoto 38 hivi. Petroli hutoa hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri.

Lita ya mafuta ya taa ya mvuvi huyo wa Mwamgongo ilikuwa imeshasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka bandari ya Dar es Salaam kabla ya kupakiwa kwenye boti. Juu ya gharama hiyo yote, akaongezewa ushuru ule mpya, adhabu ya kosa la wachakachuaji.

Sasa taa za betri na sola zimeenea ziwani. Hazihitaji pampu wala kidumu, ila fedha za kuzinunua hutoka zote siku moja, ilhali mafuta yalinunuliwa kidogo kidogo kila jioni. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana wavuvi wa mwambao wa Kigoma wapewe nafasi humo wanunue taa hizo.