Chavua Inasema Nini Kuhusu Misitu ya Kale ya Singida

Wakazi wa Kinyangiri, wilayani Mkalama, mkoani Singida, wamezoea kuambiwa kwamba nchi yao ya vichaka na mbuga ilikuwa msitu mnene, ukamalizwa na shoka, tanuri za mkaa na mifugo. Kwamba miti mingi imekatwa, hilo halina ubishi. Lakini msitu mnene ni dai jingine kabisa, na wa kulithibitisha au kulikanusha ni udongo. Shahidi anayeitwa kwanza katika mambo haya ni chavua, unga wa maua uliozama kwenye matope ya maziwa na vinamasi ukabaki humo kwa maelfu ya miaka. Ninavyoona, shahidi huyu ni mkweli ila ana upendeleo, tena saa yake ni ya kubahatisha. Akisikilizwa peke yake anaweza kutupotosha, na Singida ni mahali pazuri pa kuonyesha kwa nini.

Chembe ya chavua kwa kawaida ina upana wa maikromita 10 hadi 100, haionekani kwa macho. Ganda lake limejengwa kwa sporopolenini, kitu kigumu kiasi kwamba maabara huloweka tope katika asidi ya haidrofloriki, ambayo huyeyusha mchanga na hata kioo, na chavua ikabaki. Mabaki hayo huwekwa chini ya hadubini, na mtaalamu akahesabu chembe mia kadhaa kwa kila sampuli, akizitambua kwa matundu, mifereji na nakshi za ganda. Mgunga haujifichi: chavua yake mara nyingi ni fungu la chembe 16 zilizogandana. Nyasi ni taabu, kwa sababu karibu zote ni viduara laini vyenye tundu moja, na kutenganisha spishi ni kazi ngumu. Mahindi hujitenga, maana chembe zake ni kubwa kuliko za nyasi nyingi za porini. Mwaka 1916, mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo, Msweden Lennart von Post alionyesha kwamba hesabu hizo zikipangwa kwa asilimia, tabaka baada ya tabaka, zinatoa historia ya msitu.

Je, zinatoa na umri? Kwa kiasi fulani. Mmea uliotoka ng'ambo huweka mpaka: mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika baada ya mwaka 1492, kwa hiyo tope la ziwa la Afrika Mashariki lenye chavua ya mahindi haliwezi kuwa la kale kuliko hapo. Wachimbaji wa mafuta hutumia kanuni hiyohiyo kwa tabaka za mamilioni ya miaka. Msomaji makini atapinga: ikiwa tabaka limepewa umri kwa chavua, kisha chavua hiyohiyo itumike kueleza msitu wa wakati huo ulivyobadilika, si tunazunguka palepale? Pingamizi hilo ni la haki, na dawa yake ni saa isiyotegemea mimea. Kwa matope ya hadi miaka 50,000 hivi tunapima kaboni yenye mnururisho. Ndivyo Annie Vincens na wenzake walivyosoma miaka 23,000 ya uoto katika Ziwa Rukwa, na ndivyo kinamasi cha Deva Deva katika Milima ya Uluguru kilivyoonyesha kwamba msitu wa huko ulidumu hata kwenye baridi na ukame wa kilele cha zama za barafu, wakati milima mingine mingi ya Afrika Mashariki ilipoteza sehemu kubwa ya miti yake kwa nyasi.

Singida yenyewe ina kumbukumbu ya kale zaidi, ambayo kaboni haiwezi kuigusa. Magharibi mwa mji wa Singida kuna mahali paitwapo Mahenge (si Mahenge ya Ulanga, ambayo wengi wanaijua). Hapo volkano ya kimbalaiti, aina ya mwamba uliotoa almasi za Mwadui, ililipuka na kuacha shimo lililojaa maji. Tope laini lilitua chini ya ziwa hilo, likahifadhi samaki, chura, popo na majani ya miti. Umri wake hautokani na kiumbe chochote kati ya hivyo. Unatokana na fuwele za zirkoni, ambamo urani hugeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Terry Harrison na wenzake waliutangaza mwaka 2001: takriban miaka milioni 46. Patrick Herendeen na Bonnie Jacobs walipoyachambua majani, waliona kwamba jamii ya mikunde ndiyo iliyotawala, ikiwemo mimea ya ukoo wa migunga. Kwa ukubwa na umbo la majani hayo walikadiria mvua ya chini ya milimita 800 kwa mwaka. Hiyo ni mvua ya pori la miti iliyoachana, mfano wa miyombo. Msitu mnene wa mvua hauoti kwa maji hayo.

Nimeyatanguliza majani kwa sababu yanaziba pengo ambalo chavua huliacha. Jani haliendi mbali na mti wake, ilhali chavua ya podo hupeperushwa na upepo kutoka milimani hadi kwenye maziwa ya mbali, na asiyejua atadhani podo ziliota ufukweni. Miti ya miyombo iko kinyume chake. Inachavushwa na wadudu, wakiwemo nyuki wanaoipatia Singida asali yake, haina haja ya kumwaga chavua hewani, na kwa hiyo pori lililojaa mitundu linaweza kuacha chembe chache tu ziwani huku nyasi zikijaza hesabu. Juu ya hilo, udongo mweusi wa mbuga hulowa masika na kupasuka kiangazi. Hewa huingia, vijidudu hufanya kazi, na hata sporopolenini huoza. Sampuli ya mbuga isiyo na chavua haithibitishi kwamba hapakuwa na miti, wala haimpi mtu ruhusa ya kujaza pengo hilo kwa msitu anaoutamani.

Wapo watakaosema kwamba miaka milioni 46 ni mbali mno, na kwamba Afrika wakati huo ilikuwa kusini zaidi ya ilipo leo. Ni kweli, na ndiyo maana sidai kwamba pori la Mahenge limedumu bila kukatika hadi leo. Ninachodai ni kidogo zaidi: pori kavu la jamii ya mikunde halikuanza na shoka la binadamu, na mwenye kudai kwamba Kinyangiri ilikuwa msitu mnene ndiye anayepaswa kuleta tabaka lenye umri uliopimwa na chavua iliyohesabiwa. Hadi atakapolileta, anayepanda miti kurudisha uoto wa Mkalama ana sababu nzuri ya kuanza na migunga, mininga na mitundu kabla ya miti ya nyanda zenye mvua nyingi.