Tambi za Kamba kwa Tui na Pilipili: Mapishi ya Karibi Katika Jiko Lako

NDUGU msomaji, chakula kikipewa jina la kigeni bei yake hupanda, na mfanyakazi wa kawaida hukiacha kikawa cha wageni wa hoteli. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyozitazama tambi za mtindo wa visiwa vya Karibi, zinazopikwa kwa kamba, pilipili kali na mchuzi mzito mweupe. Lakini ukivichunguza vitu vinavyoingia katika sufuria hiyo kimoja kimoja, utaona kwamba karibu vyote unavifahamu, na baadhi yake umekulia navyo. Makala hii inakusudia kukuonyesha asili ya chakula hiki, na jinsi nusu kilo ya kamba inavyoweza kuwashibisha watu sita bila kuuvunja mfuko wa nyumba.

Huko Jamaica, na miongoni mwa Wajamaica waishio London, New York na Toronto, chakula hiki huitwa Rasta Pasta. Jina limetokana na rangi za pilipili hoho zinazotiwa ndani yake: kijani, njano na nyekundu. Hizo ni rangi za bendera ya Ethiopia, nazo ni alama ya wafuasi wa imani ya Rastafari, iliyochipuka Jamaica katika miaka ya 1930 baada ya Ras Tafari kutawazwa kuwa Mfalme Haile Selassie mwaka 1930. Hata hivyo jina lisimpotoshe mtu. Wengi wa wafuasi wa imani hiyo hawagusi kamba wala kiumbe chochote cha baharini chenye gamba gumu, na wengine hawali nyama kabisa. Chakula kimechukua rangi zao tu.

Tambi zenyewe asili yake ni Italia. Lakini watu wa Karibi walizipokea kwa moyo mmoja, hata huko Barbados na Trinidad makaroni yaliyookwa pamoja na jibini yamekuwa chakula cha kawaida cha mchana wa Jumapili.

NAZI ILIKWENDA, PILIPILI IKAJA

Vitu viwili ndivyo vinavyoupa mchuzi huu tabia yake: nazi na pilipili. Yafaa tukumbuke kwamba vitu hivi vilipishana baharini. Pilipili kali ni mzaliwa wa bara la Amerika. Kabla ya Wazungu kufika huko mwaka 1492, watu wa pwani yetu waliijua pilipili manga tu, iliyoletwa na majahazi kutoka Bara Hindi. Wareno ndio walioileta pilipili ya Amerika, nayo ikaota kwetu kana kwamba haikuwahi kuwa mgeni.

Nazi ilikwenda upande wa pili. Baada ya mabaharia wa Kireno kuingia Bahari ya Hindi mwaka 1498, walichukua nazi za bahari hii wakazipanda katika visiwa vya Cape Verde, na kutoka huko, katika karne ya 16, minazi ikavushwa hadi Karibi. Uchunguzi wa nasaba ya minazi uliotangazwa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba minazi ya Karibi ni ya ukoo mmoja na ile ya Bahari ya Hindi. Basi mpishi wa Kingston anapokamua tui, anakamua tunda la ukoo wa minazi yetu. Nawe unapokata pilipili mbuzi, unakata jamaa ya karibu mno ya pilipili yake, kwa kuwa zote mbili ni za jamii moja.

CHUNGU CHA WALIONYIMWA

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Waafrika waliopelekwa utumwani Jamaica, hasa baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwaka 1655, walizungukwa na bahari pande zote. Juu ya hayo, sehemu ya posho yao ilikuwa samaki wa chumvi wa daraja la chini, aliyeletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kaskazini. Kutokana na samaki kama huyo wa chumvi, watu wa Jamaica wana chakula kiitwacho Run Down: samaki huchemshwa katika tui pamoja na vitunguu, nyanya na pilipili, mpaka tui likaukie na kuwa zito. Kisiwa cha Grenada nacho kina chakula cha namna hiyo, kiitwacho Oil Down, ambacho tui lake hukauka hata mafuta yakabaki chini ya sufuria. Kwa hiyo mchuzi mzito wa Karibi haukuanzia kwenye krimu ya kopo. Ulianzia katika chungu cha watu waliopewa kilicho duni wakakifanya kitamu.

Sisi nasi tunaishi kando ya bahari. Kamba wa delta ya Rufiji kwa miaka mingi wamevuliwa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo, na mwenyeji aghalabu huwaona wakipita tu. Ni kweli kwamba kamba ni ghali, na haifai kumwambia mzazi atumie fedha za juma zima kwa mlo mmoja. Lakini mpishi anayejua kuitumia kila sehemu ya kamba, hata magamba yake, atapata kwa nusu kilo ladha ambayo mwingine ataikosa kwa kilo mbili.

MAHITAJI KWA WATU SITA

Spageti au makaroni, pakiti ya gramu 500. Kamba nusu kilo, wakiwa na vichwa na magamba yao. Nazi kubwa mbili. Pilipili hoho tatu, za kijani, njano na nyekundu. Usipopata rangi zote, tumia za kijani ukaongeza karoti. Vitunguu maji viwili, nyanya moja, punje sita za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi chenye urefu wa kidole gumba, mashina matatu ya vitunguu vya majani, pilipili mbuzi moja nzima, ndimu moja, mafuta vijiko vitatu vya chakula, chumvi na pilipili manga.

Wajamaica hutia pia matunda makavu ya mti uitwao pimento, yenye harufu ya karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja. Kwa kuwa viungo hivyo vitatu tunavyo, saga karafuu mbili pamoja na kipande kidogo cha mdalasini, kisha ukune kungumanga kidogo juu yake. Usizidishe, kwani karafuu ikizidi hufunika ladha ya kamba.

Aliye mbali na bahari asijione ametengwa. Sangara au sato wa Ziwa Victoria, akikatwa vipande na kukaangwa kidogo kwanza, huupokea mchuzi huu vizuri sana.

UKIWA SOKONI

Kamba mbichi mzuri ana nyama ngumu, gamba linalong'aa, na harufu ya maji ya bahari. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, au ukaona kichwa kimelegea na kuwa cheusi, mwache hata akipunguzwa bei. Nenda sokoni asubuhi, tena uwanunue mwisho, baada ya kumaliza mahitaji mengine, ili wasikae juani. Wakifika nyumbani wawekwe penye baridi au wapikwe mara moja.

Ukiamua kuongeza samaki, mtazame vizuri. Samaki aliyeuawa kwa baruti nyama yake hulegea, na ukimpasua utakuta mifupa imevunjika na matumbo yamepasuka. Usimnunue. Uvuvi huo ni haramu kwa sheria, na unaangamiza matumbawe ambamo samaki wa kesho wangezaliwa.

TUI NA MOTO

Kuna nazi, chuja na kamua mara mbili. Mkamuo wa kwanza, kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, utakupa tui zito, liweke kando. Mkamuo wa pili, kwa vikombe viwili, utakupa tui jepesi. Tui ni mafuta yaliyoshikamana na maji kwa msaada wa protini. Moto ukiwa mkali, protini hiyo hukaza, mafuta hujitenga, na tui likakatika. Ndiyo maana tui jepesi hutangulia kuchemka, na tui zito hungoja mpaka moto upunguzwe. Ndimu nayo hukata tui, kwa hiyo hutiwa baada ya sufuria kuepuliwa.

KUPIKA

Menya kamba na uutoe mshipa mweusi wa mgongoni. Usitupe vichwa na magamba. Yakaange kwa kijiko kimoja cha mafuta mpaka yawe mekundu, tia vikombe vitatu vya maji, chemsha polepole kwa dakika 20, kisha chuja. Hiyo ndiyo supu itakayobeba ladha ya chakula chote.

Wakati supu ikichemka, wapake kamba chumvi kidogo, pilipili manga, viungo ulivyosaga, na nusu ya saumu na tangawizi zilizotwangwa. Waweke penye baridi kwa robo saa.

Chemsha maji mengi yenye chumvi, tia tambi, na uziepue dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zikiwa bado na ugumu kidogo mdomoni. Kabla ya kuzichuja, teka kikombe kimoja cha maji yake uyahifadhi. Maji hayo yana wanga, nayo husaidia mchuzi kushikamana na tambi.

Sasa pasha moto mafuta yaliyobaki katika sufuria pana, ukaange kamba dakika moja kila upande, na uwatoe. Katika mafuta hayo hayo kaanga vitunguu na hoho mpaka vilainike, kisha tia saumu na tangawizi iliyobaki, na nyanya. Mimina vikombe viwili vya supu pamoja na tui jepesi. Tumbukiza pilipili mbuzi ikiwa nzima, bila kuipasua. Hii ndiyo hila ya wapishi wa Jamaica: pilipili nzima hutoa harufu yake nzuri na ukali wa kiasi, nawe huitoa kabla haijapasuka. Ukali mwingi umo katika utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu, hivyo anayetaka moto zaidi atapasua pilipili yake pembeni na kuitia kwenye sahani yake, na watoto watakula kwa amani. Akiungua mtu ulimi, maji hayatamsaidia, maana ukali huo hauyeyuki katika maji. Mpe maziwa au kijiko cha tui.

Acha mchuzi uchemke mpaka upungue nusu. Punguza moto, mimina tui zito, na ukoroge kwa upawa bila kuacha kwa dakika tatu au nne. Tia tambi, koroga kwa dakika mbili, na ukiona mchuzi umekaza mno ongeza maji ya tambi kidogo kidogo. Mwisho warudishe kamba kwa dakika moja tu. Kamba aliyeiva hujikunja nusu duara, rangi yake ikawa ya waridi, na nyama yake nyeupe hadi ndani. Akijikunja mpaka mkia ukagusa shingo, amepita kiasi na atakuwa mgumu kama mpira. Epua, toa pilipili, kamulia ndimu na unyunyize vitunguu vya majani.

MEZANI

Hapa lipo jambo ambalo mapishi peke yake hayalitatui. Katika nyumba nyingi, kitoweo kikiwa ghali, vipande huishia kwenye sahani ya baba na ya mgeni, na watoto hubakiwa na mchuzi. Mtoto anayekua, na mama mjamzito au anayenyonyesha, ndio wenye haja kubwa zaidi ya protini. Basi wahesabu kamba kabla ya kupakua, na kila sahani ipate fungu lake sawa. Tena mkono unaokuna nazi si lazima uwe wa mama siku zote. Baba akikaa juu ya mbuzi Jumapili moja, na mtoto mkubwa akimenya kamba, chakula kitakuwa tayari mapema na hakuna atakayekula akiwa amechoka.

Tahadhari mbili hazina budi kuzingatiwa. Wapo watu ambao miili yao haiwakubali kamba. Kumpika hakuondoi hatari hiyo. Mtu akiwashwa mwili, akavimba midomo au akapata shida ya kupumua baada ya kula, apelekwe hospitali mara moja. Pili, chakula cha tui huchacha upesi katika joto letu. Kisiachwe nje zaidi ya saa mbili. Kinachobaki kiwekwe kwenye jokofu na kipashwe moto barabara kabla ya kuliwa siku inayofuata. Asiye na jokofu apike kinachotosha mlo mmoja.

Ndugu msomaji, watu wa Karibi walipokea nazi kutoka bahari yetu wakaitunza vizuri. Kama bei ya kamba inakutisha, anza na robo kilo, ujazie kwa vipande vya kolekole au nguru. Mchuzi ni ule ule, na supu ya magamba itakufidia kilichopungua.