Umeme wa nusu bei upo, lakini mita ya mpangaji haiufikii

MWENDESHAJI bodaboda anayepanga nyumba Buxton, kisiwani Mombasa, akinuia kuachana na petroli na kununua pikipiki ya umeme, ana hesabu moja ya kupiga kabla hata ya kuuliza bei ya pikipiki yenyewe: ataichaji kwa mita ya nani, na saa ngapi?

Hesabu hiyo imekuwa na uzito tangu Aprili 2023, wakati Kenya Power ilipoanza kutoza bei mpya za umeme zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Kwa mara ya kwanza, umeme wa kuchaji magari na pikipiki ulitengewa fungu lake: Sh16 kwa yuniti moja saa za kawaida, na Sh8 saa za matumizi madogo, kabla ya kodi na ada nyinginezo. Fungu hilo liliwekewa mteja anayetumia kati ya yuniti 200 na 15,000 kwa mwezi, tena kwa mita iliyotengwa kwa kazi hiyo pekee.

Ni sharti hilo la mwisho linalomwacha nje mpangaji wa Buxton.

Huenda msomaji akashangaa ni mfanyabiashara gani huyu anayejitolea kuuza bidhaa yake kwa nusu bei. Jibu limo katika tabia ya umeme wenyewe. Umeme wa gridi hautiwi ghalani kama mahindi; sharti utumike papo hapo unapozalishwa. Kenya Power huununua kutoka kwa KenGen na wazalishaji wa kibinafsi, kisha huusambaza hadi mlangoni pa mteja. Nyingi ya gharama za ununuzi huo ni za kudumu, mteja awashe taa au alale.

Visima vya mvuke vya Olkaria, karibu na Naivasha, havijui saa. Mvuke hupanda kutoka ardhini mchana na usiku, na wateja wanapolala, sehemu yake huachiliwa hewani bila kuzungusha mtambo wowote. Kule Marsabit, mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310 na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, nayo hupata upepo mkali usiku, wakati wanunuzi ni wachache.

Jioni mambo hugeuka. Tangu jua lituapo hadi kiasi cha saa nne usiku, nchi nzima huwasha taa, televisheni, pasi na jiko kwa pamoja. Mahitaji ya kilele yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025, ilhali usiku wa manane hushuka yakakaribia nusu ya hapo. Kampuni ya umeme inapompunguzia bei mteja wa saa nane usiku, haimfanyii hisani. Inauza kitu ambacho kingepotea bure.

Kwa Mombasa, suala hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi Pwani ilitegemea mitambo ya mafuta mazito kwa sababu laini za kuleta umeme kutoka bara zilikuwa dhaifu. Ng'ambo ya Makupa, huko Kipevu, KenGen ilifungua mtambo wa megawati 73.5 mwaka 1999, na mwingine wa megawati 120 mwaka 2011. Rabai kuna mwingine, wa kampuni ya kibinafsi, wa megawati 90. Laini kubwa ya Nairobi hadi Mombasa ilipokamilika mwaka 2017, umeme wa mvuke ulipata njia pana ya kuteremka hadi baharini, na tangu mwisho wa 2021 uwanda wa sola wa megawati 40 ulioko Langobaya, karibu na Malindi, umekuwa ukiongeza wake mchana.

Hata hivyo, jua haliwaki jioni, na mafuta hayajaondoka. Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua, lakini sehemu inayosalia huwashwa hasa saa zile zile za kilele. Kwa hivyo pikipiki inayochajiwa Buxton saa mbili usiku huenda inaiongezea kazi mitambo ya Kipevu. Ikichajiwa saa nane usiku, inatumia mvuke wa Olkaria ambao ungepotelea angani. Pikipiki ni ile ile, waya ni ule ule. Saa ndiyo inayoamua iwapo chombo hicho ni safi kama kinavyotangazwa.

Mji huu, kwa kweli, si mgeni wa kupokea mambo mapya ya umeme kabla ya wengine. Kumbukumbu za Kenya Power zinaeleza kuwa jenereta iliyokuwa ya Sultani Seyyid Barghash wa Zanzibar ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikawa mwanzo wa kampuni ya umeme ya mji huu. Kampuni hiyo iliunganishwa na ile ya Nairobi mwaka 1922, na ndiyo asili ya Kenya Power ya leo. Vivyo hivyo, Rais William Ruto alipozindua mpango wa pikipiki za umeme Septemba 1, 2023, alizindulia Mombasa. Serikali ilitaja lengo la vyombo 200,000 vya umeme barabarani kufikia mwisho wa 2024. Lengo hilo halikukaribiwa.

Turudi kwa mwendeshaji wetu wa Buxton. Tuseme nyumba yake hutumia yuniti 80 kwa mwezi: taa, feni mbili, friji ndogo na televisheni. Kwa bei za msingi zilizoanza Aprili 2023, ambazo zimebadilika kidogo tangu hapo, mteja wa nyumbani wa kati ya yuniti 30 na 100 alitozwa Sh16.30 kwa yuniti. Bili yake, kabla ya kodi na ada, ni Sh1,304.

Sasa anunue pikipiki ya umeme inayotumia yuniti tatu kwa siku, yaani kiasi cha kilomita 80 za mjini. Kwa mwezi hizo ni yuniti 90 zaidi, na jumla ni 170. Hapo ndipo mtego ulipo. Mteja wa nyumbani anayepita wastani wa yuniti 100 huhamishiwa daraja la juu, ambalo wakati huo lilikuwa Sh20.97, na bei hiyo huzishika yuniti zote, zikiwemo zile 80 za feni na friji. Bili inapanda hadi Sh3,564.90.

Tofauti ni Sh2,260.90 kwa yuniti 90 za pikipiki. Ukigawanya, kila yuniti aliyoitia betrini imemgharimu zaidi ya Sh25. Kituo cha kuchaji kilicho na mita yake, kikitumia saa za usiku, kingelipia yuniti hizo hizo Sh720.

Kwa maneno mengine, kati ya watu wawili wanaochaji pikipiki usiku mmoja, kwenye mtaa mmoja, aliye na mtaji hulipa thuluthi ya anacholipa asiye nao. Si dhamira ya aliyeandika jedwali, bila shaka. Lakini ndivyo jedwali linavyofanya kazi.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia: hata kwa Sh25, umeme unaishinda petroli. Kilomita 80 kwa pikipiki ya kawaida ni kama lita mbili. Lita ikiwa Sh180, hizo ni Sh360 kwa siku, dhidi ya kiasi cha Sh75 za umeme ghali wa nyumbani. Kinachopotea ni ile akiba ambayo ingemsaidia kulipa deni la pikipiki na, miaka ikipita, kubadilisha betri. Kinachopotea pia ni sababu ya kusubiri usiku wa manane, kwa kuwa mita ya nyumbani haitofautishi saa mbili na saa nane. Atachaji arudipo kazini, jioni, Kipevu ikinguruma.

Ndiyo maana biashara hii imeelekea kwenye ubadilishaji wa betri. Kampuni kama Spiro humpa mwendeshaji betri iliyojaa na kupokea tupu kwa dakika chache, naye hulipia huduma. Kituo huweza kuchaji usiku na kuuza mchana. Kwa mwendeshaji asiye na mahali pa kuchomeka waya ni nafuu kubwa, ingawa bei ya betri iliyojaa hupangwa na kampuni, wala si lazima ile Sh8 imfikie.

Buxton inalifanya suala hili kuwa la dharura kwa sababu nyingine. Nyumba kuukuu za kaunti, zilizokuwa na watu pamoja na nyua zao, zilibomolewa katika miaka hii ya 2020 kupisha majumba marefu ya Buxton Point, mradi uliopangiwa nyumba 1,860. Aliyekuwa akiishi chini angeweza kupitisha waya dirishani, japo si salama. Anayeishi ghorofani hawezi, na asijaribu: waya wa kuunganishwaunganishwa unaoning'inia kutoka roshani ni mwaliko wa moto, na betri ya pikipiki ikishika moto ndani ya nyumba haizimwi kwa ndoo ya maji. Mahali pa kuchaji panafaa kuwa chini, kwenye maegesho, kwa mita yake na nyaya zilizokadiriwa na fundi aliyesajiliwa.

Tatizo hilo hilo la mita linajitokeza ukitazama juu ya paa. Kanuni zilizochapishwa mwaka 2024 zinamruhusu mteja mwenye paneli za sola, zisizozidi megawati moja, kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa nusu ya yuniti kwa kila yuniti aliyoitoa. Mwenye jumba la kifahari Nyali, paa lake na mita yake, anaelewa mara moja. Katika jumba la ghorofa, paa moja liko juu ya mita nyingi, na mpangaji hana paa. Njia rahisi ni paneli hizo kuendesha pampu za maji, lifti na taa za ngazi, gharama ambazo wakazi huzilipa kwa pamoja hata wasipoziona kwenye tokeni zao.

Kuhusu kupunguza matumizi, Kenya Power imekuwa na juhudi za miaka mingi: kugawa balbu za kutumia umeme kidogo, na mafunzo yake ya upishi, Pika na Power, yanayohimiza majiko ya umeme. Sufuria ya umeme ya presha inaweza kuivisha mbaazi kwa kiasi cha nusu yuniti, nao mbaazi wa nazi hauchelewi kwa mahamri. Lakini kisiwani Mombasa vita halisi ni vya joto. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi hutumia yuniti 0.6. Kiyoyozi kidogo kwa usiku mmoja huweza kula yuniti sita au zaidi, na mwezi mmoja wa kaskazi humvukisha mtu yuniti 100 hata asipokuwa na pikipiki. Waliojenga Mji wa Kale kwa kuta nene za mawe na madirisha yaelekeayo upepo walikuwa wamelimaliza jambo hili bila mita. Wachoraji wa majumba ya zege wangepita huko kabla ya kuchora.

Palipo na mlango kwa mpangaji ni katika hesabu ile ile ya yuniti 200. Pikipiki moja ya yuniti tatu kwa siku hutumia 90 kwa mwezi, mbili 180. Tatu hutumia 270. Waendeshaji watatu wa jumba moja, au chama kidogo cha bodaboda au tuktuk kilichosajiliwa, wakipata nafasi ya maegesho na idhini ya mwenye jengo, wanafikia kiwango cha kuomba mita ya uchukuzi kwa jina la kikundi. Maombi hupelekwa Kenya Power yakiwa na cheti cha fundi na makadirio ya mzigo, ili ijulikane kama transfoma ya mtaa inaubeba.

Bei za 2023 zilipangiwa kudumu hadi Juni 2026, na sheria inaitaka EPRA kuwasikiliza wananchi kabla ya kuidhinisha nyingine. Wenye viwanda huenda kwenye vikao hivyo na mawakili. Waendeshaji bodaboda wa kisiwani wakienda, wana maswali mawili ya kuuliza: kwa nini fungu la uchukuzi lianzie yuniti 200, na kwa nini mita ya nyumbani isiweze kusoma saa.