Kompyuta Kuukuu Haijafa: Jinsi ya Kupata na Kusakinisha Mfumo Endeshi Bila Malipo

Wakazi wenye kompyuta zisizoweza kupokea Windows 11 wana njia ya kuendelea kuzitumia kwa usalama bila kununua mashine mpya wala kulipia leseni. Njia hiyo ni kusakinisha Linux, mfumo endeshi unaopatikana bure na kwa njia halali. Kazi yenyewe inahitaji fleshi moja, intaneti ya kupakua faili na saa chache za utulivu. Inahitaji pia tahadhari, kwa sababu hatua moja ikikosewa inaweza kufuta kila kitu kilichohifadhiwa kwenye mashine.

Kilichobadilika

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha utoaji wa kawaida wa masasisho ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka na kufanya kazi kama kawaida, na ndiyo maana watu wengi hawakutambua kwamba kuna kilichobadilika. Kilichokoma ni masasisho ya bure yanayoziba mianya ya usalama. Mwanya ukigunduliwa leo hubaki wazi, na wahalifu wa mtandaoni huufahamu. Watumiaji wa nyumbani walipewa nafasi ya kujisajili ili wapate masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 13, 2026. Hiyo ni nyongeza ya muda tu.

Njia iliyopendekezwa na kampuni hiyo ni kuhamia Windows 11. Tatizo ni kwamba mfumo huo hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4, nafasi ya diski ya gigabaiti 64 na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa prosesa za Intel Core, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu. Baadhi ya vipakatalishi vya mtumba vinavyouzwa nchini ni vya vizazi vya kabla ya hicho. Kujua kizazi si kazi ngumu. Soma nambari iliyo baada ya jina la prosesa: i5-6300U ni ya kizazi cha 6, na i5-8250U ni ya kizazi cha 8.

Jambo hili linagusa zaidi ya mwenye mashine. Katika saiba moja, kompyuta ileile inaweza kutumiwa asubuhi na mtu anayeingia eCitizen, mchana na mfanyabiashara anayewasilisha ritani za KRA, na jioni na mwanafunzi anayechagua kozi kwenye tovuti ya KUCCPS. Programu hasidi inayonasa herufi zinazobonyezwa kwenye kibodi hukusanya nywila za wote watatu bila yeyote kujua.

Linux ni nini?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kompyuta. Ndiyo inayowasha skrini, kusoma diski, kuunganisha printa na kufungua programu nyingine. Windows ni mmoja wa mifumo hiyo. Linux ni mwingine, na ulianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Mtu yeyote mwenye simu ya Android tayari anautumia, kwa kuwa kiini cha Android ni Linux.

Linux hutolewa kwa leseni inayomruhusu mtu kuutumia, kuunakili, kuurekebisha na kuusambaza. Kwa hivyo fundi akisakinisha nakala moja kwenye mashine kumi hajavunja sheria. Hali ni tofauti kwa Windows inayowashwa kwa ufunguo wa wizi. Hiyo hukiuka haki za hakimiliki, na mara nyingi programu inayotumika kuvunja leseni huwa ndiyo inayoingiza virusi.

Neno "bure" lisieleweke vibaya hapa. Leseni hailipiwi, lakini bando la intaneti na kazi ya fundi zina gharama. Mwenye saiba anayetoza ada ya kupakua na kusakinisha anatoza huduma yake, na ni haki yake. Anayedai ada ya "leseni ya Linux" kwa kompyuta ya nyumbani hasemi kweli.

Kuchagua toleo linalofaa

Linux hutolewa kwa matoleo mengi. Mawili yanawafaa wanaoanza.

Ubuntu lilitolewa kwa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la Kizulu na Kixhosa lenye maana inayokaribiana sana na "utu" wa Kiswahili. Toleo la 24.04 hupata masasisho ya kawaida kwa miaka mitano, hadi mwaka wa 2029. Linafaa mashine yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi na nafasi ya diski ya gigabaiti 25.

Linux Mint limejengwa juu ya Ubuntu. Mpangilio wake wa skrini unafanana na Windows: kitufe cha menyu kipo chini kushoto, na saa iko chini kulia. Linaweza kuendeshwa na RAM ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora, na diski ya gigabaiti 20. Kwa mashine dhaifu, chagua aina yake iitwayo Xfce, ambayo ni nyepesi. Anayetoka Windows kwa mara ya kwanza atajisikia nyumbani hapa haraka zaidi.

Matoleo haya mawili ya sasa yanahitaji prosesa ya biti 64. Kompyuta za zamani sana za biti 32 haziwezi kuyatumia.

Kabla ya kugusa chochote: hifadhi nakala

Hii ndiyo hatua inayorukwa mara nyingi, na ndiyo inayoliza watu. Kusakinisha mfumo mpya juu ya diski nzima hufuta picha za harusi, hesabu za chama, vyeti vilivyochanganuliwa na kazi za wanafunzi. Nakili faili zote muhimu kwenye diski ya nje au fleshi nyingine. Kisha zifungue kwenye kompyuta tofauti ili kuhakikisha kuwa zinasomeka. Andika pia nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kwani nazo hupotea.

Hatua kwa hatua

1. Pakua faili. Nenda moja kwa moja kwenye tovuti rasmi, yaani ubuntu.com au linuxmint.com. Faili ya Linux Mint ina takriban gigabaiti 3, na ya Ubuntu ni takriban gigabaiti 6. Asiye na bando la kutosha anaweza kutumia Wi-Fi ya umma, au kunakili faili kutoka kwa mtu anayeaminika aliyekwisha kuipakua.

2. Thibitisha faili. Mnamo Februari 2016, wadukuzi waliingilia tovuti ya Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili iliyotiwa mlango wa siri. Ndiyo maana tovuti rasmi huchapisha msimbo mrefu uitwao SHA256 kwa kila faili. Kwenye Windows, fungua Command Prompt katika folda yenye faili, kisha andika certutil -hashfile, jina la faili, na neno SHA256. Msimbo utakaotokea ukilingana na ule wa tovuti, faili ni salama. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, futa faili hiyo na upakue upya.

3. Andaa fleshi. Tumia fleshi ya gigabaiti 8 au zaidi isiyo na kitu unachohitaji, kwa sababu itafutwa. Kunakili faili kwa njia ya kawaida hakutoshi. Tumia programu ya bure kama Rufus au balenaEtcher. Chagua faili uliyopakua, chagua fleshi, kisha anza. Hakikisha mara mbili kwamba umechagua fleshi na si diski ya nje yenye nakala zako.

4. Washa kompyuta kupitia fleshi. Zima mashine kabisa, chomeka fleshi, kisha iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua chanzo cha kuwakia. Kwa kawaida ni F12 kwa Dell na Lenovo, na F9 au Esc kwa HP. Chagua fleshi kwenye orodha itakayotokea. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, hifadhi kwanza ufunguo wake wa dharura.

5. Jaribu kabla ya kusakinisha. Linux huweza kufanya kazi ikiwa kwenye fleshi bila kubadilisha chochote kwenye diski. Tumia nafasi hiyo ipasavyo. Je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inatambuliwa? Kamera na padi ya kugusa zinafanya kazi? Kifaa kikikataa hapa, huenda kikakataa pia baadaye. Anayegundua tatizo katika hatua hii huondoa fleshi, akawasha mashine upya, na kurudi kwenye Windows yake kama alivyoiacha.

6. Sakinisha. Bofya ikoni ya kusakinisha, chagua lugha na kibodi, kisha usome kwa makini ukurasa unaouliza aina ya usakinishaji. Chaguo la "Install alongside" huacha Windows na kuweka Linux kando yake. Chaguo la "Erase disk" hufuta diski yote. Usibonyeze chaguo hili la pili kabla ya kuhakikisha kuwa nakala zako zipo na zinasomeka. Baada ya hapo chagua saa za Nairobi, andika jina na nywila, na usubiri. Kazi ikiisha, mfumo utakuomba uondoe fleshi na uwashe mashine upya.

7. Sasisha. Mara tu intaneti ikipatikana, fungua programu ya masasisho na uruhusu yote yaingie. Hii ndiyo faida iliyokusudiwa tangu mwanzo.

Kitakachofanya kazi, na kitakachokataa

Kivinjari cha Firefox huja kikiwa tayari, na kwacho tovuti za eCitizen, iTax, KUCCPS na HELB hufunguka kama kawaida. LibreOffice hufungua na kuhifadhi nyaraka za Word na Excel. Programu iliyoitangulia, OpenOffice, ilitafsiriwa kwa Kiswahili mwaka wa 2004 na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ikapewa jina la Jambo OpenOffice.

Hata hivyo, si kila kitu kitahamia. Microsoft Office ya kusakinisha na programu za Adobe hazina toleo la Linux. Baadhi ya programu za uhasibu zinazotumiwa madukani hutaka Windows pekee. Fomu za kodi za kujazwa nje ya mtandao ambazo hutegemea makro za Excel zinaweza kugoma ndani ya LibreOffice. Mwenye biashara anayetegemea programu kama hizo anashauriwa kuweka Linux kando ya Windows, au kuacha mashine moja ikiwa na Windows inayopata masasisho. Ni afadhali kulijua hili mapema kuliko kuligundua siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani.

Linux pia haimkingi mtu dhidi ya ulaghai. Anayetoa PIN ya M-Pesa au nywila ya eCitizen kwa tapeli ataibiwa, hata mfumo uwe imara namna gani.

Pa kupata msaada

Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya serikali za kaunti. Pale ambapo chuo kina somo la kompyuta, wakufunzi wake ni watu wa kwanza wa kuuliza. Kwa mwanafunzi, kusakinisha Linux kwenye mashine kuukuu ni mazoezi mazuri ya kazi anayoweza kuitoza ada baadaye. Shule na vikundi vyenye kompyuta kadhaa vinashauriwa kuanza na moja, kuitumia kwa wiki mbili hivi, kisha kuamua kuhusu zilizobaki.

Kwa kifupi, mwenye kompyuta anapaswa kufanya mambo matatu kabla ya kutoa pesa za mashine mpya: kuangalia kizazi cha prosesa yake, kuhifadhi nakala za faili zake, na kujaribu Linux kwa fleshi. Jaribio hilo halifuti chochote kwenye diski, na litamwonyesha kama mashine aliyotaka kuitupa bado ina miaka ya kazi.