Mgonjwa wa Parkinson anaposahau, dawa nazo zichunguzwe

Na Mwandishi Wetu

MZEE anayetetemeka mikono akianza kusahau majina ya wajukuu zake, watu wa nyumbani huwa na maelezo mawili yaliyo tayari: ama uzee umemfikia, ama amerogwa. Maelezo ya tatu, ambayo ni nadra kutajwa katika vijiji kama vya Ipililo mkoani Simiyu na hata katika mitaa ya mijini, ni kwamba usahaulifu huo unaweza kuwa umetokana na kidonge alichopewa ili kuzuia kutetemeka.

Jambo hilo lina uzito kwa sababu uzee hauna tiba, ilhali usahaulifu unaoletwa na dawa mara nyingi hupungua pale dawa hiyo inapobadilishwa.

Parkinson ni ugonjwa wa ubongo ambao seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini hufa polepole. Dopamini husaidia ubongo kuratibu mwendo. Inapopungua, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, misuli hukakamaa, hatua hufupika na sauti hufifia. Wengi waliufahamu ugonjwa huu kupitia kwa bondia Muhammad Ali, aliyegundulika kuwa nao mwaka 1984, na ambaye mkono wake ulionekana ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996.

Daktari Mwingereza James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huo mwaka 1817, aliandika kuwa akili ya mgonjwa haiguswi. Hapo alikosea. Utafiti wa Sydney, Australia, uliowafuatilia wagonjwa kwa miaka 20 na kuchapishwa mwaka 2008, ulibaini kuwa miongoni mwa waliokuwa bado hai, asilimia 83 walikuwa wamefikia hali ya akili kudhoofika sana, ambayo wataalamu huiita dimenshia. Ieleweke, hata hivyo, kwamba hao ni watu walioishi na ugonjwa kwa miongo miwili. Wengi hawafiki huko katika miaka ya mwanzo.

Usahaulifu wa mgonjwa wa Parkinson una sura yake. Kwa kawaida kumbukumbu huwa haijafutika, bali mgonjwa huchelewa kuifikia. Mkulima wa pamba akiulizwa ni nani aliyepima mzigo wake katika chama cha msingi msimu uliopita, anaweza kunyamaza kwa muda mrefu na kuonekana hajui lolote. Akitajiwa majina matatu, atamtambua mhusika mara moja. Tatizo jingine ni kupanga mambo: kazi aliyoifanya miaka 40, kwa mfano kuandaa dawa ya kunyunyizia shamba, humshinda kwa sababu hakumbuki hatua ipi inatangulia ipi.

Hadi hapo chanzo ni ugonjwa wenyewe. Dawa huingia kwa njia nyingine.

Dawa inayopaswa kuangaliwa kwanza ni benzheksoli, ambayo wengi huifahamu kwa jina la biashara la Artane. Ni dawa ya zamani, bei yake ni nafuu, na hupatikana katika hospitali nyingi kwa kuwa hutumika pia katika kliniki za afya ya akili, ambako hutolewa kupunguza mkakamao unaosababishwa na dawa za magonjwa hayo. Hutuliza mtetemeko kwa kuzuia kemikali nyingine ya ubongo, asetilikolini. Kwa bahati mbaya, kemikali hiyo ndiyo inayohitajika katika kuhifadhi kumbukumbu na kuweka umakini, na mgonjwa wa Parkinson tayari huwa amepungukiwa nayo. Dawa inamnyang'anya hata kile kidogo alichobakiwa nacho.

Mtu wa miaka 45 anaweza kuivumilia dawa hiyo. Kwa mwenye miaka 75 madaktari hushauriwa kuiepuka, kwani inaweza kumfanya apoteze kumbukumbu, achanganyikiwe, akaukiwe mdomo na kushindwa kukojoa. Athari za namna hiyo huletwa pia na dawa ambazo hakuna anayezidhania: amitriptilini inayotolewa kwa maumivu na usingizi, promethazini, hata Piriton inayonunuliwa dukani kwa ajili ya mafua. Mzee anayetumia mbili au tatu kati ya hizo kwa wakati mmoja hawezi kulaumiwa akipotea njia ya kwenda kisimani.

Dawa kuu ya Parkinson ni levodopa, inayotumika tangu miaka ya 1960 na ambayo siku hizi huchanganywa na kabidopa. Ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa dopamini. Kwa kumbukumbu, levodopa si adui kama benzheksoli. Wapo wagonjwa ambao fikra zao huchangamka wanapoitumia. Lakini dozi ikizidi, au ubongo ukiwa umekwisha kudhoofika, mgonjwa huanza kuona watu au wanyama wasiokuwapo, hasa jioni.

Ndipo hatari inapokuwa kubwa zaidi. Katika Kanda ya Ziwa, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi zilizojengwa juu ya wekundu wa macho tu, bibi anayezungumza na watu wasioonekana hahitaji ushahidi mwingine dhidi yake. Familia inayojua kwamba hali hiyo hutokana na ugonjwa au dozi itampeleka kwa daktari badala ya kwa mganga.

Hospitalini nako kuna mtego. Mgonjwa anayeona mauzauza anaweza kupewa haloperidoli, dawa ya kawaida ya kutuliza wagonjwa wa akili. Dawa hiyo huzuia dopamini, ile ile aliyopungukiwa. Ndani ya siku chache anaweza kukakamaa, akashindwa kutembea na hata kumeza chakula. Metoklopramidi, inayotolewa kwa kutapika, ina kasoro hiyo hiyo. Ndugu anayemsindikiza mgonjwa anapaswa kutaja mapema kuwa huyu ana Parkinson.

Wala mgonjwa asiache dawa ghafla kwa kuhofia kusahau. Kukatisha levodopa kwa ghafla kunaweza kuleta homa kali na mkakamao unaohatarisha maisha. Dozi hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Kinachosaidia ni kuandika tarehe: dawa ipi ilianza lini, na kuchanganyikiwa kulianza lini. Aliyechanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu bila dawa kubadilika apimwe malaria na maambukizi ya njia ya mkojo kabla ya jambo lingine lolote.

Ugumu ni kumpata wa kumwambia hayo. Uchunguzi uliofanyika katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kati ya watu 161,071, ulipata wagonjwa 33, na matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2008 ilibainika kuwa wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Hai ina hospitali ya rufaa ya KCMC jirani yake. Kwa mkazi wa Ipililo, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, jijini Mwanza, safari ambayo mtu aliyekakamaa miguu haifanyi kila mwezi.

Ndiyo maana baadhi ya watafiti wamegeukia mmea ambao kila mtoto wa kijijini anaujua kwa kuwashwa: upupu. Mbegu zake zina levodopa ya asili. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa nchini Bolivia kwa wagonjwa 18, ambapo unga wa mbegu hizo ulilegeza mwili kama vidonge vinavyofanya. Habari hiyo inatia moyo, lakini mbegu za shamba moja hazilingani na za shamba jingine kwa kiwango cha dawa kilichomo. Anayekunywa unga wa upupu huku akimeza vidonge vya levodopa anatumia dawa ile ile mara mbili, na daktari asiyejulishwa atatafuta chanzo cha mauzauza yake mahali pengine.