Mtu asiyejuta: kuelewa tatizo la haiba lisilojali jamii

Pale Mamboleo, Kisumu, mama mmoja muuza omena aliniuliza jambo ambalo wazazi wengi huliuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, mwanangu ana miaka 20. Ameiba pesa za chama, nikalia mbele yake, akacheka. Nimezaa mtu wa namna gani?"

Wataalamu wa afya ya akili wanalo jina: tatizo la haiba lisilojali jamii. Wengi wakilisikia humfikiria mtu mkimya anayejifungia chumbani. Sivyo. Mwenye tatizo hili mara nyingi ni mchangamfu, maneno yake matamu, marafiki hakosi. Anachokosa ni kuguswa na maumivu anayowapa wengine.

Daktari hahukumu kwa kosa moja. Hutazama mwenendo wa miaka: kuvunja sheria mara kwa mara, uongo na utapeli, kukurupuka bila kufikiri, ugomvi, kuhatarisha maisha, kukwepa kazi na madeni, na kutojuta. Angalau tatu kati ya hizo saba zionekane. Tena mhusika awe ametimiza miaka 18, na awe alianza mambo mazito kabla ya 15, kama kutesa wanyama au kupora wenzake. Kwa hiyo mtoto wa darasa la 6 hapewi jina hili, hata awe mtundu kiasi gani. Wala kijana anayeiba kwa sababu ya njaa au kileo si lazima awe nalo.

Linatoka wapi? Watu watasema ni laana, au damu mbaya ya upande wa baba. Damu ina sehemu yake kweli, lakini si yote. Mwaka 2002 watafiti waliofuatilia watoto wa mji wa Dunedin, New Zealand, tangu kuzaliwa walieleza kwamba aina fulani ya jeni iliendana na ukatili ukubwani hasa kwa wavulana walioteswa utotoni. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani kiboko kitamnyoosha mtoto wa aina hii. Kinaweza kumzidishia. Na kule St. Louis, Marekani, Lee Robins aliwafuata watoto wakorofi hadi utu uzima. Kitabu chake cha 1966 kinaonyesha kuwa wengi wao hawakuishia hivyo.

Kidonge cha kuponya haiba hakuna. Kuna ushauri nasaha wa muda mrefu na kutibu pombe au dawa za kulevya zinazoambatana nalo. Wengine hupoa wakifika miaka ya 40.

Nilimwambia mama aulizie daktari wa akili katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, na pesa za chama zisilale tena nyumbani. Kisha akataja mdogo wake kijana, wa miaka 11, aliyeanza kutoroka shule na anayechapwa kila jioni. Nikamwomba aanze na huyo.