Kulinda Mabomba ya Maji Dhidi ya Sakitu Katika Majira ya Kipupwe

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, wakazi wengi wa maeneo ya miinuko wilayani Makete huamka na kukuta nyasi zimefunikwa na weupe wa sakitu. Mkulima huitazama sakitu hiyo kwa hofu ya viazi vyake. Ipo, hata hivyo, mali nyingine inayodhurika usiku uleule, nayo haionekani kwa urahisi: bomba linaloleta maji nyumbani.

Maji huganda yanapofikia nyuzi joto sifuri za Selsiasi. Yanapoganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, tofauti na vitu vingi ambavyo husinyaa vinapopoa. Barafu ikijikusanya ndani ya bomba huziba njia kama kizibo, na maji yaliyonaswa kati ya kizibo hicho na koki iliyofungwa hukosa pa kwenda. Mgandamizo huongezeka hadi sehemu iliyo dhaifu, mara nyingi kiungio au koki yenyewe, ipasuke. Mwenye nyumba hagundui lolote wakati huo, kwa kuwa barafu bado imeziba ufa. Jua likipanda na barafu kuyeyuka, ndipo maji huanza kumwagika.

Hasara yake si ndogo. Ufa unaoweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa dakika mbili humwaga lita 600 kwa saa, na lita 14,400 kwa siku moja, yaani ndoo 720. Katika mradi wa kijiji unaotegemea tangi moja, maji hayo ni ya kaya zote, ya shule na ya zahanati. Aliyepasukiwa hupata ankara kubwa, na jirani yake aliye juu ya mlima hukosa maji kabisa.

Mahali penye hatari zaidi

Baridi kali huja usiku usio na mawingu wala upepo, kwa sababu joto la ardhi hupaa angani bila kizuizi. Saa za hatari kuu ni zile zinazotangulia mapambazuko. Katika uwanda wa Kitulo, ulio katika kimo cha mita 2,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, hali hii ni ya kawaida. Ikumbukwe pia kwamba hewa baridi ni nzito, hivyo huteremka na kutuama mabondeni. Nyumba iliyo chini bondeni yaweza kupata sakitu wakati ile iliyo mtelemkoni imesalimika.

Bomba lililofukiwa vizuri haligandi, kwa kuwa udongo huhifadhi joto la mchana. Yanayodhurika ni mabomba yaliyo wazi: la wima linalobeba koki ya uani, linaloning'inia juu ya korongo, lililofunuliwa na mmomonyoko kando ya barabara, na lile jembamba linalotoka kwenye tangi. Tangi kubwa lililojaa ni nadra kuganda kwa usiku mmoja, bali bomba lake la kutolea maji huganda upesi. Bomba gumu la plastiki lililopigwa na jua kwa miaka mingi huwa jepesi kuvunjika. Lile jeusi linalopindika huvumilia zaidi, ingawa viungio vyake bado huweza kuachia.

Hatua za kujikinga

Hatua ya kwanza ni kufukia. Kina cha sentimita 60 hutosha kulikinga bomba na baridi ya maeneo haya, na pia hulikinga na jembe na kwato za ng'ombe. Kila familia inashauriwa kuifuata njia ya bomba lake kutoka kwenye dira hadi nyumbani, na kurudishia udongo mahali ulipoondolewa na mvua za masika.

Hatua ya pili ni kuvisha. Bomba lisiloweza kufukiwa lizungushiwe blanketi kuukuu au magunia yaliyokunjwa mara kadhaa, kisha juu yake lifungwe nailoni au mpira wa ndani wa gurudumu. Tabaka hilo la nje ni la lazima, kwani kitambaa kilicholowa hakizuii baridi. Kwa bomba la wima la uani, njia nyepesi ni kutengeneza sanduku la mbao kulizunguka na kulijaza maranda makavu, ambayo hupatikana kwa wingi kwa wapasuaji mbao. Sanduku lifunikwe juu ili mvua isiingie.

Hatua ya tatu ni kumwaga. Kabla ya kulala, koki kuu ifungwe, kisha koki ya uani ifunguliwe hadi maji yaliyobaki yatoke, na iachwe wazi hadi asubuhi. Bomba tupu halina cha kuganda. Kaya ijiwekee ndoo mbili za maji ndani kwa matumizi ya alfajiri. Baadhi ya watu huacha koki ikitiririka usiku kucha, kwa kuwa maji yanayotembea hukawia kuganda. Ni kweli hukawia, lakini utaratibu huo humaliza tangi la wote na hupandisha ankara. Kumwaga bomba ni bora zaidi.

Bomba likishaganda

Bomba lililoganda lisichomwe moto kwa hali yoyote. Moto huyeyusha plastiki, huweza kuunguza nyumba, na hugeuza maji yaliyonaswa kuwa mvuke wenye nguvu ya kupasua hata chuma. Vilevile jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha bomba joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua waliolala.

Njia salama ni kufungua koki kwanza, kisha kulifunika bomba kwa kitambaa kilichochovywa katika maji ya uvuguvugu, kuanzia upande wa koki na kurudi nyuma hatua kwa hatua. Mara nyingi jua la asubuhi hutosha kuimaliza kazi hiyo. Maji yakianza kutoka, koki zote zifungwe na dira itazamwe: ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja. Koki kuu ifungwe mara moja, na taarifa ipelekwe kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii (CBWSO) cha eneo husika au kwa mtendaji wa kijiji. Dira isifunguliwe na mtu asiye fundi wa mradi.

Baada ya matengenezo, maji ya mwanzo yaachwe yatoke hadi yawe safi, na ya kunywa yachemshwe, kwa kuwa uchafu huweza kupenya kupitia ufa.

Gunia moja, kipande cha nailoni na jioni moja ya kazi ni gharama ndogo ikilinganishwa na bomba jipya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika mradi wa maji, ukuta huo hujengwa na kijiji kizima.